Arobaini kwa Arobaini

Raheli alijifunza kupumua upya akiwa na miaka thelathini na nane, na kila pumzi aliyoitoa aliitoa kwa jina la wifi yake. Alikuwa amelala chali kwenye mkeka wa mazoezi, katika chumba kimoja cha hospitali mjini Dodoma, magoti juu, viganja tumboni. Pembeni yake alipiga goti binti aitwaye Ritha, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyevaa sare nyeupe na raba za kukimbilia. Wagonjwa wengine mle ndani walikuwa wakiwaza migongo na magoti yao. Raheli alikuwa akimwaza Erica.

"Ukitoa pumzi, vuta kitovu ndani kidogo, na kule chini bana kama mtu anayezuia haja," alisema Ritha. "Taratibu, mama. Hapa hatupigani na mtu."

"Sawa, mwanangu," Raheli alijibu, na moyoni akasema: wewe ndiye hupigani.

Kosa lenyewe lilitokea Septemba, kijijini kwao, mwendo mfupi kutoka Buigiri. Kikundi cha akina mama wa pale kilisifika Chamwino nzima kwa muheme, ngoma ambayo mwanamke huipiga akiwa amesimama, ameibana katikati ya mapaja. Asiyewahi kuipiga hudhani ni kazi ya mikono. Mikono ni watumwa tu. Ngoma inashikwa na mapaja na nyonga, mgongo unaisimamisha, tumbo linazuia isikuyumbishe, mabega yanacheza juu yake, na wimbo unatoka chini kabisa ya mbavu. Raheli alikuwa akiongoza ngoma kubwa kwa miaka kumi na mitatu, na watu walizoea kusema kwamba yule mama akipiga, hata mbuzi wanasimama kusikiliza.

Kikundi kilikuwa na desturi yake. Mwanamke aliyejifungua hakugusa ngoma mpaka wifi yake amkabidhi kwa mkono, mbele ya wenzake, kwa sababu wifi ndiye anayejua yaliyomo ndani ya nyumba: nani amekula, nani amelala, nani bado anavuja damu. Wifi akisema yuko tayari, basi yuko tayari. Wifi akinyamaza, hata mwenyekiti wa kijiji hana la kusema.

Wifi yake Raheli alikuwa Erica, mdogo wake Yoramu, mume wa Raheli. Erica alikuwa mwenyekiti wa kikundi, mrefu, mchangamfu, mwenye ulimi uliokuwa ukichekesha watu wengi na kuumiza mmoja mmoja. Mume wake, Nikodemo, alikuwa na kazi ya reli huko Gulwe na alirudi kwa msimu, hivyo Erica alikaa pale pale uani kwa kaka yake, nyumba kwa nyumba na Raheli, jiko moja, kisima kimoja.

Mtoto wa nne wa Raheli, Miriam, alikuwa ametimiza siku arobaini Erica alipokuja jikoni.

"Wifi, wageni wa wizara wanakuja Jumamosi. Ngoma kubwa haina mtu."

"Bado sijawa sawa, wifi," Raheli alisema, na akashusha sauti. "Nikikohoa tu nashindwa kujizuia."

Erica alicheka. "Huo ni uvivu wa uzazi. Mama yetu alizaa asubuhi, jioni anatwanga uwele. Kaza tumbo, wifi, usitutie aibu."

Jumamosi akamkabidhi ngoma kwa mikono miwili, huku akitabasamu. Raheli alipiga. Aliongoza nyimbo mbili salama. Katika wimbo wa tatu, pale ambapo wapigaji huruka na kutua kwa pamoja, alihisi kitu kimeachia chini, bila maumivu, bila kuuliza. Kanga yake ya njano ilibadilika rangi kuanzia mapajani. Akabana. Hapakuwa na cha kubana. Mkojo ukashuka juu ya ngoma, ukachirizika mpaka kwenye njuga za miguuni, na vumbi la uwanja likafanya tope mbele ya wageni.

Pengine watu wangenyamaza. Watu wa Dodoma si wakatili; wengi walikuwa tayari wameanza kutazama pembeni. Lakini Erica alikuwa na simu mkononi, akirekodi, na ulimi wake ulitangulia akili.

"Jamani! Mvua Septemba!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata dereva wa wageni alicheka akajishika kwenye mlango wa gari.

Jioni ile video ilikuwa imefika mpaka Bahi, wilaya nyingine kabisa.

*

Tangu siku ile aliitwa Mama Mvua. Mnadani aliitwa, kisimani aliitwa, na mwana wa jirani, asiyejua hata maana yake, alimwamkia hivi: "Shikamoo, Mama Mvua." Raheli alimjibu marahaba. Angefanyaje? Kanisani alianza kukaa benchi la mwisho, amevaa kanga tatu, na wimbo ukiinuliwa alifungua kinywa tu bila kutoa sauti, maana sauti kubwa nayo ilimvujisha. Baada ya miezi mitatu akaacha kwenda.

Mumewe Yoramu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kibarua mzuri wa mashamba ya zabibu, mpole, asiyemwinulia mke mkono. Lakini usiku mmoja Raheli aliingia chumbani akakuta amepasua mifuko miwili ya mbolea na kuitandika chini ya shuka, upande wake yeye.

"Usichukie, Mama Ernest," alisema, akitazama ukuta. "Godoro ni jipya."

Raheli alilala juu ya nailoni. Kila akigeuka, ilipiga kelele, na nyumba nzima ikajua kwamba amegeuka. Siku nyingine alimkuta amekaa na simu nyuma ya zizi, mabega yakimtetemeka. Alidhani analia. Alipokaribia alisikia ngoma yake mwenyewe kwenye simu ile, na sauti ya Erica ikisema mvua, na mumewe akizuia kicheko kwa kiganja.

Aliinama akaokota kuni alizofuata, na alipoinuka na mzigo akavuja kidogo, kama kawaida. Hapo ndipo aliapa. Hakuapa kwa Mungu, kwa kuwa alijua Mungu angemwambia asamehe. Aliapa kwa ile kanga ya njano, aliyokuwa ameifua, ameikunja na kuiweka chini kabisa ya sanduku.

Nesi wa zahanati ndiye aliyemwandikia barua ya kwenda mjini. Raheli alikuwa amempeleka Miriam chanjo, akapiga chafya, akashika ukuta kwa aibu. Nesi alimtazama, akafunga mlango, akauliza maswali manne ya moja kwa moja.

"Kwani kuna dawa?" Raheli aliuliza.

"Dawa ni wewe mwenyewe," alisema nesi. "Nenda wakufundishe."

*

Ritha hakumpa kidonge hata kimoja. Siku ya kwanza alimlaza, akamwambia ainue kichwa kidogo, akabonyeza katikati ya tumbo lake.

"Unaona? Misuli ya kushoto na ya kulia imeachana. Vidole vitatu vinaingia. Mama, wewe unafanya kazi gani?"

"Napiga ngoma. Nilikuwa napiga."

"Basi utanielewa upesi. Kiwiliwili chako ni ngoma. Juu kuna kiwambo, msuli wa pumzi, umetandazwa chini ya mapafu. Chini kuna misuli ya nyonga, imebeba kibofu na kizazi. Mbele ni tumbo, nyuma ni mgongo. Ukiruka, ukicheka, ukiinua ndoo, ukiimba, vyote vinne vinatakiwa vishikane. Kimoja kikilegea, uzito wote unashuka kule chini, na chini hakuna wa kuupokea."

"Ngozi iliyolegea haipigwi," alisema Raheli. "Huwa tunaipasha moto kwanza."

"Ndiyo hivyo. Waliokurudisha kwenye ngoma siku ya arobaini, kama barua ya nesi inavyosema, walipiga ngozi mbichi."

Kumbe haikuwa laana, wala uzee, wala uchafu wake. Palikuwa na mtu aliyefanya jambo fulani siku fulani. Chuki yake, ambayo mpaka pale ilikuwa ikizurura kama mbuzi asiye na mchungaji, ilipata kamba na kigingi.

"Na nitajuaje nimepona?"

Ritha alitabasamu. "Siku utakapocheka kwa nguvu, kicheko cha tumboni hasa, bila kuogopa."

Alirudi kijijini na mazoezi sita. Aliyafanya alfajiri kabla ya maji, na alasiri nyuma ya nyumba, juu ya gunia. Kupumua mpaka mbavu zifunguke. Kubana na kuachia. Kuinua nyonga na kuzishikilia. Kupiga magoti na viganja, kunyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, mgongo ukitulia. Akichota maji, alitoa pumzi kwanza ndipo akainua ndoo. Misuli ilikataa wiki nyingi, kisha mmoja mmoja ikaanza kuitika. Alipochoka alijiambia, "Mvua Septemba," na nguvu zikamrudia. Watu husema hasira hasara. Raheli hasira ilimlisha, ikamvisha, ikamnyoosha mgongo.

Wa kwanza kumfuma alikuwa Mama Bartolomayo, mkongwe wa kikundi, aliyekuja kuomba chumvi akamkuta amelala chali mchana kweupe, nyonga hewani.

"Mbukwa, Raheli. Umeanguka?"

"Mbukwa, mama. Nafanya dawa."

Akamweleza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akageuka kutazama kama kuna mtu, kisha akakaa chini kwenye vumbi.

"Mimi mwaka wa ishirini na mbili huu nafunga vitambaa," alisema. "Nilidhani ni mimi peke yangu. Siku ile yako nilicheka na wengine, ili wasinigeukie mimi. Nifundishe."

Wiki iliyofuata bibi alimleta Jenifa, ambaye alikuwa ameacha kuimba sauti ya juu bila kumwambia mtu sababu. Kisha wakaja wengine wawili. Wakawa wanawake watano nyuma ya nyumba, migongo kwenye magunia, wakihesabu pumzi kwa Kigogo na kucheka kwa woga, halafu kwa woga mdogo zaidi. Raheli aliwafundisha vizuri, lakini tusimpambe: hakufanya hivyo kwa huruma. Alitaka mashahidi. Siku yake ikifika, alitaka uwanja uwe na wanawake wanaojua wanachokiona.

Erica aliwapitia siku moja, mkono kiunoni, tumbo likiwa limeanza kujitokeza. Nikodemo alikuwa amerudi Oktoba na kuondoka, na ameacha salamu.

"Heee! Siku hizi mnalala chali mchana? Mnamsubiri nani?"

"Tunakusubiri wewe, wifi," Raheli alisema.

Wote walicheka, na Erica akacheka kuliko wote. Utani wa mawifi hauna kosa.

*

Erica alijifungua mwanzoni mwa Julai, mtoto wa kike, akampa jina la mama yao marehemu, Debora. Mama mkwe akiwa kaburini, kazi ya kumlea mzazi ilikuwa ya Raheli, na hakuna aliyeweza kumsema. Alimpikia uji wa uwele asubuhi na mlenda wa moto mchana. Alimchemshia maji. Alimfulia. Majirani walisema, tazama moyo wa mwanamke yule, baada ya yote. Raheli alikuwa akihesabu siku kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko.

Wageni walitangazwa, na ngoma kubwa sasa ilikuwa ya Erica, aliyeishika tangu aibu ile ya Septemba. Safari hii walikuwa wanachagua vikundi vya kutumbuiza kwenye sherehe kubwa jijini, na kikundi kitakachochaguliwa kingepewa sare na nafasi ya kurekodi. Siku iliyopangwa ilikuwa katikati ya Agosti. Raheli alikwenda nyuma ya mlango, akahesabu mara mbili. Ilikuwa siku ya arobaini na moja.

Wiki moja kabla, alirudi kwa Ritha kupimwa. Kidole kimoja tu kiliingia, tena kwa shida.

"Hongera sana, mama! Umeziba."

"Ahsante. Nina swali si langu. Nina wifi amejifungua, atatimiza arobaini siku si nyingi. Anaweza kushika ngoma?"

"Hapana kabisa. Miezi mitatu angalau, na aanze na mazoezi madogo." Ritha alifungua droo akatoa karatasi yenye michoro ya mwanamke amelala, amepiga magoti, amesimama. "Mpelekee hii. Mwambie asirudie ya kwako."

Raheli aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiigusa. Kuna mahali, karibu na njia panda ya Chamwino, alifikiri kwamba angempa. Alimwona Erica akiwa na miaka kumi na minne, siku Raheli alipoletwa kama bibi harusi, jinsi binti yule alivyombebea sanduku kichwani bila kuombwa. Jambo hilo lilikuwa la kweli, lilitokea. Halafu pikipiki ikapita karibu, kijana aliyebebwa nyuma akageuka na kupaza sauti, "Mama Mvua, leo hunyeshi?"

Akaacha kuigusa ile karatasi.

Siku ya thelathini na nane Erica alimwita ndani. Alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Ulimi ule haukuwa na mzaha.

"Wifi, nisikilize. Sijisikii. Jana nilipiga chafya... Godoro lote. Nisipopiga Jumamosi watampa mtu mwingine uenyekiti, nawajua. Lakini wewe ndiye unanikabidhi. Ukisema sijawa tayari, hakuna wa kunilaumu. Nakuomba."

Jambo lenyewe lilikuwa limekuja na miguu yake mpaka mapajani pa Raheli. Neno moja lingetosha kumwokoa. Aliketi kando ya kitanda, akamfunika mtoto vizuri, na akaona jinsi wifi yake alivyoshika pindo la kanga yake na kuling'ang'ania. Hakuwahi kuona kitu kitamu namna ile.

"Huo ni uvivu wa uzazi," alisema kwa upole. "Mama yetu alizaa asubuhi, jioni anatwanga uwele. Kaza tumbo, wifi, usitutie aibu."

Erica alimtazama. Aliyatambua maneno. Raheli aliona kwamba ameyatambua, na aliona pia kwamba hana pa kwenda nayo. Angesema nini, na kwa nani? Mwosha huoshwa.

*

Jumamosi upepo wa Agosti ulikuwa ukivuta vumbi jekundu kutoka mashambani. Wageni walikaa chini ya turubai, mabwana wawili na mama mmoja mwenye miwani, wakiwa na maji ya chupa. Yoramu alisimama na wanaume wenzake kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi ya kijiji. Msichana mkubwa wa Raheli alimshika mtoto Debora.

Nyuma ya ofisi, Raheli alikoka moto wa kupasha ngozi za ngoma. Nyasi zilikuwa na umande wa baridi zikagoma kushika. Akafungua pindo la kanga, akaikunjua ile karatasi, akamtazama kidogo mwanamke wa kwenye mchoro aliyelala chali, magoti juu. Akaiweka chini ya vijiti, akawasha kiberiti. Ngoma zilipasha vizuri sana.

Alikuwa amevaa ile kanga ya njano.

Mbele ya wote alimkabidhi Erica ngoma kubwa, kwa mikono miwili, huku akitabasamu. Erica aliipokea bila kumwangalia. Mama Bartolomayo, aliyekuwa na ngoma ndogo, alimwangalia Raheli, kisha akasogea hatua moja kuelekea kwa Erica.

Walianza. Kwenye muheme, ngoma kubwa inaongoza lakini ya pili ndiyo inayoisukuma, na ya pili ilikuwa kwa Raheli. Wimbo wa kwanza aliusindikiza kwa heshima. Alisikia kiwiliwili chake kikifanya kazi: mbavu zikifunguka, tumbo likishika, mgongo umenyooka kama mwimo wa mlango, sauti ikipanda kutoka chini kabisa bila kukwama popote. Mwaka mzima hakuwa ameimba. Watu waligeuka kumtazama. Mama mwenye miwani aliinua simu yake.

Wimbo wa pili aliongeza mwendo. Kidogo tu. Erica akafuata, mwongozaji hawezi kuachwa na wa pili. Akaongeza tena. Jasho lilimtoka Erica kwenye midomo, meno yameumana, na ngoma ilianza kumteleza mapajani, akawa anaibana kwa magoti kama mtu aliyeshika kuku anayetaka kutoroka.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini, kati ya pigo na pigo. "Wifi, punguza."

Raheli alimsikia vizuri. Akaongeza, na akainua wimbo wa tatu, ule wa kuruka.

Waliruka mara moja. Waliruka mara mbili. Mara ya tatu Erica alitua, na uso wake ukabadilika kwanza, kabla ya nguo. Raheli aliujua uso ule, alikuwa nao. Doa likatokea kwenye kitenge cha bluu, likashuka, likafika kwenye njuga, na vumbi likanywa.

Mwezi wa kumi na moja huu alikuwa akilifanyia mazoezi neno lake. Aliacha kupiga. Akalisema kwa sauti iliyojaa uwanja, kwa pumzi yote aliyofundishwa.

"Jamani! Mvua Agosti!"

Akacheka. Kilitoka tumboni hasa, kicheko kizito, kirefu, kikamtikisa mabega na mbavu na mgongo, akarusha kichwa nyuma akacheka mpaka machozi yakamtoka. Wala halikumponyoka hata tone. Alikuwa mkavu. Alikuwa amepona.

Alipofuta macho, aliona kwamba anacheka peke yake.

Ngoma hazikuwa zimenyamaza. Mama Bartolomayo alikuwa amemsogelea Erica, akipiga bado, na Jenifa upande wa pili, na wale wawili wengine nyuma, wanawake wa magunia, bega kwa bega, wamemzungushia ukuta wa migongo yao. Jenifa alimfunga kitenge chake mwenyewe juu ya kile kilicholowa bila kukosea pigo. Mduara ukazunguka mara mbili, sauti ya juu ya Jenifa ikapaa kama zamani, na wageni, waliodhani huo ndio mtindo wa kikundi, wakasimama kupiga makofi. Mama mwenye miwani alikuwa akiandika. Hakuna aliyeinua simu kumpiga picha Erica. Na Yoramu, kwenye kivuli cha ukuta, hakuwa akimtazama dada yake. Alikuwa akimtazama mkewe, na alikuwa ameshika kofia mkononi kama mtu aliye msibani.

Mduara ulihamia taratibu mpaka nyuma ya ofisi, ukamtoa Erica machoni pa watu. Raheli alibaki peke yake katikati ya uwanja na ngoma yake, kisha akawafuata kwa kuwa hakujua pa kusimama.

Erica alikuwa amekaa chini karibu na majivu ya ule moto. Mtoto alikuwa akilia kwa njaa na kwa kushikwa na asiye mama yake. Erica aliinua uso. Hakuwa na hasira, angalau si ile ambayo Raheli aliiandalia majibu.

"Umefurahi, wifi?"

"Nimefurahi," alisema Raheli. Hakusema uongo.

Mama Bartolomayo alimpokonya msichana mtoto, akaja mpaka mbele ya Raheli, akaupangusa uso wa yule mdogo kwa kidole cha mate.

"Sisi ulitufundisha," alisema. "Erica, unayeishi naye jiko moja, ukamwacha. Inama. Mama yake hawezi kubeba leo."

Raheli aliinama. Wakamlaza mtoto mgongoni mwake, akavuta kanga ya njano, akaikaza juu ya kifua, akafunga fundo. Alitoa pumzi kwanza, kama alivyofundishwa, ndipo akainuka. Tumbo lilishika, mgongo ukapokea, na mtoto, aliyepata mahali palipo imara, alinyamaza akaegemeza shavu. Akina mama walikuwa wamemshika Erica mikono wakimwondoa kuelekea nyumbani, hatua ndogo ndogo. Raheli alitembea nyuma yao, amenyooka, hana mtu wa kuongea naye, na kila alipopumua mtoto wa wifi yake alipanda na kushuka.